Swali la Kumi na Moja Uliloliacha Wazi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, meza ya dirishani.
Alhamisi, tarehe 5, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu mimi dada yako mkubwa, na za Mama ambaye ameketi hapa nyuma yangu akijifanya hasikii kalamu inavyokwenda. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimeisha? Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mama, na habari za Mama ndizo zilizonikalisha hapa.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanishinda. Kila nikikuuliza jambo, mara mtandao unakatika, mara uko kazini, mara mtoto analia. Karatasi haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho, upende usipende.

Kwanza Mama. Ule uvimbe wa tumboni umekua. Safari hii daktari hakuzunguka: afanyiwe upasuaji kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo tusije tena kumuuliza yeye maswali. Amempangia tarehe thelathini. Mama naye amekataa katakata. Haingii chumba cha upasuaji mpaka Kitinda wake afike. Nimembembeleza, nimemkaripia, Mjomba amekuja akakaa naye asubuhi nzima, jibu ni lile lile. Anasema, "Nimemzaa mimi, nitamngoja mimi."

Sasa nakuja kwako. Usikasirike. Au kasirika, shauri yako.

Mwaka juzi ulisema ada ya kuingia imepanda. Nikasema haya, kila kitu kinapanda. Mwaka jana mwezi wa nane ukasema siyo ada, ni kanuni za viza zimebadilika, siku hizi mtu haombi akishafika uwanja wa ndege, anaomba mtandaoni kabla hajapanda ndege. Nikasema haya. Mwezi wa kumi na mbili ukasema mtandao wenyewe haufunguki. Mwezi uliopita ukasema umefunguka, lakini wanataka karatasi. Karatasi gani? "Karatasi tu, dada." Mh! Mimi nimekuwa karani wa shule miaka ishirini na tisa. Wazazi wa kila namna wamesimama mbele ya meza yangu kunieleza kwa nini mtoto hakuja darasani. Mwenye sababu ya kweli huja na moja. Mwenye sababu nne hana hata moja.

Hebu nikukumbushe. Ulipokuja kumzika Baba, miaka mitano iliyopita, ulilipia viza palepale uwanjani, wakakugongea mhuri, ukaingia. Pasipoti ilikuwa hiyo hiyo ya huko, maana uraia wa kwetu ulikuwa umeshauacha. Leo kulikoni?

Halafu kuna la binti wa fundi saa, huyu jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Huyo binti anaishi mji mmoja na wewe, ana pasipoti ya kigeni kama wewe, na mwezi wa kwanza alikuja kumsalimia baba yake. Bado yupo. Nikamwita, nikampa chai, nikamchimba polepole. Akaniambia kanuni mpya zimekuwa nafuu kwa watu kama yeye: aliyezaliwa hapa hatozwi tena ile ada ya wageni, anaonyesha cheti chake cha kuzaliwa, basi. Hakulipa hata senti. Nilimtabasamia, lakini rohoni nilikuwa nachemka. Cheti chako ninacho mimi, kwenye lile kopo la biskuti, pamoja na kadi za kliniki na leseni ya baiskeli ya Baba. Picha yake nilikutumia mwaka jana uliponiomba. Umekifanyia nini?

Nitakwambia ninachoshuku, na kama nimekosea utanisahihisha. Nashuku hutaki kuja. Sijui ni wewe au ni wifi. Wiki mbili zilizopita nilimpigia kumuuliza habari za viza, akaanza kunisimulia baridi ya huko. Mtu akiulizwa viza akajibu baridi, kuna kitu anakificha. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Labda anaona kwetu ni mbali, ni vumbi na wagonjwa. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema ndivyo moyo wangu unavyoniambia, na moyo wangu hujautuma wewe.

Mjomba anasema wanaume wakikaa nje sana husahau. Nimemkatalia. Wewe usahau? Wewe unayekumbuka kikombe cha bluu nilichokivunja ukiwa na miaka minne, nikamsingizia paka? Mpaka siku ya harusi yangu ulisimama ukaitoa hadithi ya paka mbele ya wakwe, wakacheka mpaka wakashika mbavu! Hapana, kusahau huna. Ndiyo maana hili linaniuma.

Juzi nilikuandikia ujumbe nikakuomba namba ya maombi yako ya viza. Ukanitumia tarakimu kumi na mbili, hata salamu hakuna. Tarakimu kumi na mbili hata mimi naweza kuziandika. Kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini, na Jumatatu nakwenda ofisi ya uhamiaji mimi mwenyewe, kopo langu kwapani. Nitamwomba afisa aitafute namba hiyo mbele ya macho yangu. Ikiwa haipo, nitamwambia Mama ukweli, aache kukungoja, aende kwa daktari wake. Njia ya mwongo ni fupi, na yako nadhani imefika ukingoni.

Naiacha barua hapa. Sitaifunga mpaka Jumatatu ipite.

Jumatano, tarehe 11.

Kitinda,

Nimeyasoma upya yote niliyoandika hapo juu. Nilishaishika karatasi niichane, nikaona hapana. Isome kama ilivyo, ujue nilivyokudhania. Ulinibeba na dhana zangu zote bila kunung'unika, kwa hiyo ni haki yako uzione.

Nitakueleza tangu mwanzo, usinikimbize.

Nilifika pale saa moja na nusu asubuhi. Nje ya lango ameketi mzee mmoja na mwavuli wake anauza fomu. Nikamuuliza kama hizo ni fomu za serikali. Akasema, "Ni zile zile mama, ila za kwangu hazina foleni." Nikampita. Ndani nikazikuta fomu zimerundikwa mezani, za bure, na foleni hakuna. Nikasema moyoni, ikiwa langoni ndiyo hivi, huko dirishani nitavuliwa viatu. Nikalikumbatia kopo langu vizuri.

Ukutani kuna tangazo la kanuni mpya na ada zake. Limebandikwa juu ya lile la mwaka jana, nalo limebandikwa juu ya la mwaka juzi, mpaka pale ukutani pamevimba kama godoro. Bwana mmoja mwenye suti alikuwa akisoma kipande cha tangazo la chini kabisa kilichochomoza pembeni, na kufurahi kwamba bei ni nafuu. Nikamwonyesha la juu. Furaha ikamwisha, wala hakunishukuru.

Nikaitwa dirisha la nne. Afisa ni mwanamke mwenye miwani, wa umri wa kuwa binti yangu. Nikamwambia, "Naomba uniangalizie kama namba hii ipo kweli au nadanganywa." Akacheka, akaanza kuandika. Nikavikodolea macho vidole vyake nisije nikachezewa mchezo. Mara akaacha kucheka, akaniambia, "Mama, kaa kwanza." Nikaushika mkoba, maana nimeishi sana mjini: ofisini ukiambiwa ukae kwanza, kuna chai inatakiwa. Kumbe wala.

Namba ipo. Umeomba mara mbili, Kitinda, mwezi wa tisa na mwezi wa kwanza. Mara zote mbili wamekukatalia.

Akanieleza, nami nikimkatiza kila mara. Zamani mtu wa pasipoti ya nje aliingia kama mgeni mwingine yeyote: alilipa, akapita, hakuna aliyemuuliza kazaliwa wapi. Tangu kanuni zibadilike, aliyezaliwa hapa haombi tena kama mgeni, hata akitaka kulipa mara tatu. Anapita mlango wa wazaliwa. Mlango huo ni bure, lakini cheti na pasipoti lazima visome sawasawa. Vyako havisomi sawa. Pasipoti yako inasema umezaliwa miaka miwili baada ya mwaka ulioandikwa kwenye cheti chako.

Nilifungua mdomo nimwambie huko nje ndiko walikokosea. Lakini nilishajua ni nani aliyeuandika ule mwaka, tena mtu huyo hakukosea, alifanya kusudi, kwa taipu ya shule, Ijumaa moja mchana wenzake wakiwa wamekwenda kula.

Unakumbuka, najua unakumbuka. Ufadhili ule wa masomo ulikuwa na kikomo cha miaka kumi na minane. Wewe ulikuwa na ishirini, kwa kuwa Baba alipoumia mgongo uliacha shule miaka miwili ukashika kazi yake. Pasipoti za wanafunzi enzi hizo zilitolewa kwa barua ya shule, na barua za shule niliziandika mimi. Nikakupunguzia miaka miwili, nikagonga mhuri, ukaondoka, na pasipoti ya huko ikaurithi mwaka huo huo. Ningeweza kujitetea kwamba wakati ule nani hakupunguza umri. Lakini wengine wote waliokuja kuniomba hivyo niliwafukuza, wengine wakilia. Ndipo wakaniita Bi Mhuri, mwanamke asiyegonga karatasi yenye mashaka, na jina nikalipenda. Lile jambo lako nikalizika mbali, na haki ya Mungu, miaka ishirini na mitatu ikapita bila kulikumbuka. Hata siku ile nilipokipiga picha cheti chako nikutumie, niliuona mwaka uliomo na wala haukunishtua.

Nikamuuliza afisa kwa nini wewe mwenyewe hukueleza tofauti hiyo ilitoka wapi. Akatazama kulia na kushoto, akakigeuza kioo cha kompyuta kidogo. Fomu yenu ina swali la kumi na moja: taja jina la mtu aliyejaza au kuthibitisha taarifa zako za kwanza. Mwezi wa tisa umejibu, "Sikumbuki." Wakakwambia bila jina haiwezekani. Mwezi wa kwanza umejibu, "Naomba niruhusiwe niache sehemu hii wazi."

Hukumbuki! Wewe wa kikombe cha bluu!

Nililia palepale dirishani, mimi niliyekwenda kukukamata. Afisa alinisogezea glasi yake ya maji, akaniambia taratibu kwamba kutoa taarifa za uongo ili mtu apate pasipoti ni kosa, na akitajwa mtumishi wa shule, kazini kwake hupelekewa barua. Hilo ulilijua. Ulijua nimebakiza miezi saba nistaafu. Ukaona bora dada akuite mwongo, Mjomba akuite msahaulifu, wifi yangu asemwe mpaka akimbilie habari za baridi, kuliko mimi niguswe. "Karatasi tu, dada." Sasa nimeijua karatasi yenyewe.

Na nimekasirika, usifikiri nakuja kukushukuru tu. Nimekukasirikia kuliko nilivyokuwa nikidhani unanidanganya. Mama afe akiamini humtaki, kisa kazi yangu? Nani alikutuma? Ungenipigia simu ukaniambia, "Dada, ni wewe," ningelia siku moja, basi. Badala yake umenifanya nikae mwaka mzima nikikutafutia makosa na mimi ndiye niliyekalia kosa.

Jana asubuhi nilikwenda kwa wakili, yule wa ghorofani juu ya duka la viatu, nikaapa kwamba ni mimi niliyekupunguzia umri. Naye nilimshuku, tabia haina dawa. Nilimfanya anisomee kiapo mstari kwa mstari, na kweli nikamkuta amekosea tarehe. Akarekebisha, nikatia sahihi. Alinionya mara mbili kwamba nikishaapa siwezi kurudi nyuma. Nikamwambia alete hiyo kalamu.

Kutoka hapo nikaenda shuleni, kwa mwalimu mkuu, kwa sababu nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu kabla ya kingine. Akasema lazima apeleke taarifa kwa wakubwa wake na hajui wataamua nini, hata kiinua mgongo changu hajui kitakuwaje. Kisha akaniomba, kwa heshima sana, niuache mhuri mezani kwake mpaka mambo yaishe. Nikautoa kwenye droo, nikaufuta wino kwa leso, nikauweka. Bi Mhuri wenu hana mhuri. Leo walimu wananong'ona kwenye korido nikipita. Waache. Mimi nimewasema miaka ishirini na tisa, ni zamu yao.

Mama nilimwambia jana mchana, akikunja nguo kitandani. Nilidhani ataanguka. Habari ya umri haikumshtua hata kidogo. Alisema, "Miwili tu? Mimi miaka yote hii najua ulimpunguzia mitatu." Akaendelea kukunja shati. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo aliomba kuja?" Nikamwambia aliomba mara mbili. "Mara mbili?" Mara mbili, Mama. Aliliweka shati chini, akageukia ukutani, nami nikatoka nikamwachia chumba.

Aliponiita tena uso ulikuwa mkavu. Akasema nimpelekee daktari salamu: tarehe thelathini iko palepale na ataingia, uwe umefika au hujafika. Kumbe hakuwa akingoja umshike mkono, Kitinda. Alikuwa anataka kujua kama bado ana mtoto huko.

Asubuhi hii nimekutumia picha ya kiapo kwenye simu. Umenijibu neno moja, "Dada." Sijui ni la kushukuru au la kunilaumu, na leo sitakuuliza. Barua hii anakuletea binti wa fundi saa, anaondoka Ijumaa. Ndani yake kuna nakala ya kiapo yenye mhuri wa wakili. Ile ya kwanza nimempa yule afisa wa dirisha la nne mkononi, nikasubiri mpaka nikaiona inaingia kwenye jalada lako. Anasema ukiomba upya wiki hii, jibu linaweza kupatikana ndani ya siku kumi. Ukipanda ndege tarehe ishirini na nane utamkuta Mama bado hajaingia. Usingoje barua ifike ndipo uombe, picha unayo.

Mjomba anakusalimu, na yale maneno ya kusahau ameyafuta mwenyewe bila kuombwa. Fundi saa anakusalimu, amesema ile saa ya Baba imepona na inakungoja. Wifi yangu mpe mkono, mwambie nampigia Jumapili, na safari hii anisimulie baridi yote, nitaisikiliza mpaka mwisho. Wanangu wawili wabusu kila mmoja mara mbili. Mungu akutangulie njiani, akufungulie milango yote, na huo wa wazaliwa uwe wa kwanza.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nisiichane barua. Ukifika kwenye swali la kumi na moja, jaza. Andika jina langu lote, herufi kubwa, kama lilivyo kwenye cheti changu. Mbele yake watakuuliza uhusiano wenu. Hapo usiandike karani. Andika dada yangu.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokushuku,
Dada yako,
Bi Mhuri wa zamani.